Jirani Asiyeokota Kitu

Kitu kikimdondoka hakukiokota. Alisimama palepale kilipoangukia, akanyoosha mkono wa kulia juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, akangoja. Kikiwa kisu, kikiwa kikopo cha ugoro, hata kofia yake mwenyewe iliyopeperushwa na upepo wa milimani, alisimama kando yake, mkono juu, upara ukipigwa na jua, mpaka apite mtu amwokotee. Mara ya kwanza kumwona hivyo nilikuwa mke mgeni, nimetoka Iringa kuolewa Chimala, na nilidhani ananipungia. Nikamwamkia, "Kamwene, baba." Akaitikia, "Kamwene, mama. Kiberiti yangu iko hapo chini." Nikamwokotea kiberiti chake. Ujirani wetu ulianzia hapo, na kusema kweli siku ile nilimwona mzee mwenye maringo.

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake. Wasangu wenzake wanaujua, wakaulizwe wao. Mimi namjua tangu alipokuwa jirani yangu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, naye akiwa ametoka kwenye mgodi wa almasi si muda mrefu. Nyumba yake na yetu zilikuwa chini kabisa ya mlima, katikati pana kipande cha mahindi na njia ya kwendea barabarani. Huko barabarani ndiko nilikokuwa na banda langu la chai. Malori ya Mbeya kwenda Iringa yalisimama pale kupoza injini, mimi nikauza chai na maandazi, na wanaume wasio na kazi wakapiga soga. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la Mhindi mmoja, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka nilikuwa mke wa mtu asiyekuwapo, na jirani huyu na mkewe ndio waliokuwa watu wangu.

Alikwenda almasi wakati wa vita vya Wazungu. Alipanda lori mpaka Chunya, na pale wenzake wengi waliishia, wakashika makarai na kuanza kuchekecha dhahabu. Yeye akaendelea hadi Itigi, akapanda gari moshi mpaka nchi ya Wasukuma. Nilimwuliza siku moja kwa nini hakubaki Chunya na wenzake.

"Mtu ya dhahabu anachafuka mwili mzima kupata vumbi," alisema. "Mimi nikafikiri, almasi unapata moja tu, umasikini imekwisha."

Hakujua bado kwamba dhahabu ukiipata huwezi kukosa wa kumwuzia, lakini almasi ukionekana nayo tu unafungwa. Hilo alilijua akiwa tayari ndani ya waya wa mgodi.

Habari za waya alizisimulia kwa sauti ya chini, kana kwamba bado kuna mtu anasikiliza. Uzio ulikuwa juu kuliko nyumba, na askari walizunguka na mbwa. Ukitoka zamu unavua nguo zote, unatanua mdomo, unainua ulimi, unatanua vidole vya miguu, unachanuliwa nywele. Ukimaliza mkataba unafungiwa chumbani, unanyweshwa mafuta ya nyonyo, na kinachotoka kinachunguzwa. Lakini amri kubwa kuliko zote ilikuwa kutoinama. Ukiona kitu chini, chochote kile, hukigusi. Unanyoosha mkono, unasimama, unangoja askari aje. Mtu aliyeinama ni mtu aliyeokota, na aliyeokota ni mwizi, hata kama alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Alimwona mwenzake mmoja akipigwa kwa ajili ya kifungo cha shati lake mwenyewe. Baada ya hapo mgongo wake ulisahau kuinama.

Aliporudi nyumbani, waya alirudi nao. Kila alipotoka nyumbani kwangu alisimama mlangoni, akafungua viganja, akavigeuza huku na huku, ndipo akaaga. Nilimwambia, "Baba, hapa hakuna askari." Akasema, "Najua, mama." Kesho yake akafungua viganja tena. Nilizoea. Mtu huzoea mambo ya ajabu ya jirani kuliko ya mume wake.

Sasa niseme habari ya mguu, maana ndiyo iliyomwangamiza. Kwenye muundi wa kushoto alikuwa na kovu refu lenye uvimbe katikati. Jiwe lilimwangukia kazini, wakamshona vibaya, na kidonda kilikuwa bado kibichi aliposhuka kwenye lori hapo Chimala, mguu umefungwa kitambaa. Watu wanaojua migodi walishasikia kwamba wako wanaojipasua nyama, wakaficha jiwe ndani, wakajishona. Kitambaa kile kilitosha. Kabla hajafika kwake, habari ilikuwa imefika: amerudi nalo, liko mguuni.

Angekuwa amerudi na mali yoyote ya kuonekana, huenda wangesema mali ndiyo hiyo, basi. Lakini alirudi na sanduku la mbao, blanketi, na mguu. Watu hawakuweza kukubali kwamba mtu anakaa miaka yote ile juu ya almasi halafu anarudi na blanketi. Kadiri alivyozidi kuonekana masikini, ndivyo walivyozidi kusema anajua kuficha. Akivaa kaptura yenye viraka, wanakonyezana. Akikosa mbegu, wanacheka. Mwinjilisti wetu siku moja alihubiri juu ya watu wanaozika mali ardhini huku jirani zao wanalala njaa, na kanisa zima likageuka kumtazama. Yeye naye akageuka kutazama nyuma, akidhani wanamwangalia mtu mwingine.

Na hapo ndipo aliponichanganya mimi, maana alikuwa mtu wa mambo mawili yasiyokaa pamoja. Aliuchukia mgodi. Aliulaani akiwa na njaa na akiwa ameshiba. Lakini mtu akimwuliza habari za almasi, hakuweza kunyamaza. Macho yake yalibadilika. Alieleza jinsi mchanga unavyooshwa, jinsi chekeche inavyozungushwa ndani ya maji mpaka mawe mazito yakusanyike katikati, jinsi inavyogeuzwa kwa pigo moja ili yale mazito yawe juu, na jinsi Mzungu anavyoinamia kuchungulia pale katikati bila kupumua. Yeye mwenyewe miaka yote ile aliziona mara mbili tu kwa macho.

"Inafanana nini?" walimwuliza.

"Inafanana kipande ya chupa iliyochafuka. Ukiikuta njiani unapiga teke."

Hilo halikuwapendeza. Walitaka kitu kinachowaka kama taa ya karabai, na walisema anasema hivyo ili tusiitambue tukiiona.

Wanawake wa pale walimpenda kwa jambo moja, nalo ni mchele. Mchele wa Rujewa wakati ule ulijaa vijiwe, na mtu angeweza kuvunja jino kwa tonge moja. Jirani yangu aliukoroga mchele kwenye chekeche ndani ya karai la maji, akauzungusha kwa viganja kama anabembeleza mtoto, vijiwe vikashuka vyote, akaugeuza juu ya mkeka, na vijiwe vikabaki juu vimekaa pamoja kama familia. Tulimletea mchele wa sikukuu, wa harusi, wa msiba. Kila alipomaliza aliinamisha kichwa, si mgongo, akavitazama vile vijiwe kwa muda kidogo, kisha akaita mtu avitupe. Mkewe alikuwa akisimama mlangoni akimtazama anavyotazama. Nilimwona mara nyingi na sikuweza kujua uso ule una nini.

Kiangazi kimoja alifanya kosa, kama kusema kweli ni kosa. Alikaa kwenye benchi langu akawaeleza vijana kwamba kule mgodini mchanga hupitishwa na maji juu ya meza iliyopakwa grisi. Mawe mengine yote huteleza yakaenda zake, almasi peke yake hunasa. "Almasi haishiki maji," aliwaambia. "Inashika mafuta." Alikuwa na furaha siku ile, hata chai aliomba kikombe cha pili.

Usangu ni nchi ya ng'ombe, samli haikosekani. Wiki ile ile wanaume wakashuka mtoni, wakazoa vijiwe, wakavianika juani kwenye mikeka kama watu wanaoanika mpunga, vilipokauka wakavikandamiza kwenye samli. Vikanasa. Jiwe lolote kavu ukilikandamiza kwenye samli linanasa, hata punje ya mahindi inanasa. Lakini nani angewaambia? Walikuja bandani kwangu wakionyeshana. Waliacha mashamba, wakamaliza samli za wake zao, na mmoja akapanda lori kwenda Mbeya na kopo zima kumtafuta sonara. Sonara alimfukuza akimtishia kumwitia polisi.

Jirani yangu alikuwa amewaambia wazi kwamba mawe yapite kwenye maji, yawe yamelowa. Nilikuwapo, nilisikia kwa masikio yangu. Lakini walirudi na hasira, wakasema amewachezea ili wasipate lao, abaki peke yake na lake.

"Waambie basi kwamba walikosea kuyakausha," nilimwambia.

"Nikisema, watasema nimebadilisha maneno." Akageuza viganja vyake, akaondoka.

Wanaume hao hao ndio waliokuwa wabebaji wa wagonjwa pale kwetu. Niieleze hii kwa asiyejua. Mtu akiugua sana, hakuna kuombana. Mwenye mgonjwa anapita nyumba kwa nyumba, anasema neno moja tu, "Machela," na wanaume wanatoka na fito na blanketi. Wanne wanabeba, wengine wanatembea pembeni kuwapokea wakichoka, mpaka barabarani ambako lori lolote linasimama kumpeleka hospitali. Hakuna aliyekataa, kwa sababu kila mmoja ana mgongo wa kulazwa kwenye machela na siku yake inakuja. Mtu angeweza kuwa na ugomvi nawe wa mfereji wa maji, na bado akakubeba.

Masika yaliyofuata mke wa jirani yangu aliugua tumbo. Lilivimba, akawa hawezi kunywa hata maji. Alikuwa mwanamke mpole mwenye kicheko cha puani, na mimi alinifundisha kuishi Chimala kwa namna ambayo mama mkwe wangu hakujisumbua. Alimngoja mumewe miaka yote ile ya almasi akiwa na mtoto mmoja mgongoni. Alipomwona anashuka kwenye lori na sanduku, aliniambia mwenyewe, neno la kwanza alilomwuliza lilikuwa, "Ndiyo hiyo tu?" Akamjibu, ndiyo hiyo tu. Hakumwamini. Nafikiri ilikuwa rahisi zaidi kwake kuamini kwamba mume anamficha kuliko kuamini kwamba miaka ile ilikwenda bure. Nisingemlaumu. Hata mimi ningependa kuibiwa kuliko kupoteza.

Mchana ule mvua ilikuwa imekatika kidogo. Mume wangu alikuwapo nyumbani kwa sababu barabara ilikuwa imeharibika. Jirani yangu na mwanawe, ambaye alishakuwa kijana wa kuota ndevu, walitengeneza machela wenyewe, wakamlaza mgonjwa, wakaiweka machela njiani mbele ya nyumba. Kisha akapita nyumba kwa nyumba akisema neno lile moja. Mimi nilikuwa nimemshika mgonjwa mkono, kwa hiyo sikusikia yote, lakini nyumba ya karibu nilisikia.

"Machela," alisema.

"Mwenye jiwe anaita gari," mtu akajibu kutoka ndani. "Sisi tunabeba masikini wenzetu."

Nyumba nyingine walisikika wakifunga mlango tu. Mwingine alitoka, akasema bila ubaya, kama anayetoa shauri, "Baba, leo ndiyo siku yake. Litoe. Gari litakuja mpaka mlangoni."

Alirudi. Akasimama katikati ya njia, mbele ya machela ile iliyolala chini kwenye tope na mkewe juu yake, akanyoosha mkono. Akasimama hivyo. Nadhani hakujua kama ameunyoosha. Nyumba zote zilikuwa zinatuona, maana moshi ulikuwa unatoka na watoto walikuwa wanachungulia. Hakuna aliyekuja. Nimeona mambo mengi tangu hapo, nimezika watu wangu mwenyewe, lakini bado ule mkono ndio ninaouona nikifikiria watu wanavyoweza kuwa.

Tulibeba sisi: mume wangu na kijana mbele, jirani yangu na mimi nyuma. Mwanamke habebi machela, lakini siku ile nani angenikataza? Jirani yangu alichechemea, machela ikawa inapanda na kushuka, na kila iliposhuka mkewe aliguna. Kichwa chake kilikuwa upande wangu. Akanikazia macho.

"Mwambie alitoe," alisema. "Atakusikia wewe."

"Hana, dada yangu."

"Mwambie tu."

Tulifika bandani kwangu. Tukamlaza kwenye benchi langu, tukasubiri lori la Mbeya, na barabara ilikuwa tope tupu, hakuna hata mlio wa injini. Mumewe alisimama mbele yake. Hakuweza kuinama, kwa hiyo alipiga magoti. Akamwuliza, "Unataka maji?"

"Liko wapi?" mkewe akamwuliza.

"Sina, mama. Mungu anajua, sina."

Akageuza uso upande wa ukuta. Mumewe akaendelea kumwambia hana, hana, mpaka mume wangu akamshika bega, kwa sababu alikuwa anamwambia mtu aliyekwisha kufa. Mimi nililia kwa uchungu na kwa hasira pia, na hasira yenyewe sikujua niipeleke kwa nani, maana hata marehemu nilimkasirikia.

Kwenye mazishi walikuja wote. Ndivyo tulivyo, maiti hatuisusii. Ilipofika zamu yake kutupa udongo alibaki amesimama, na mimi nikachota udongo nikamtilia kiganjani, akautupa. Jioni yake nikasikia wanasema kwamba hata kwa mkewe ameona aibu kuinama, tajiri yule.

Mwanawe alimngoja aende kanisani, akafukua sakafu ya nyumba. Alianza chini ya kitanda, akamaliza na jikoni. Nilipofika, baba mtu alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba iliyokuwa kama shamba lililolimwa, kijana ana jembe, jasho linamtoka.

"Hujafika mahali moja," baba akamwambia. Akapandisha suruali, akaegemeza mguu ule kwenye kizingiti, akachomoa kisu kiunoni, akamshikisha. "Pasua. Nakuomba, mwanangu. Pasua uone, halafu uwaambie."

Kijana alishika kile kisu. Alikitazama kile kivimbe, na ninaapa kuna kitambo alifikiria. Kisha akakitupa chini, akapita katikati yetu, hakuaga. Alikwenda Iringa kutafuta kazi. Kisu nilikiokota mimi. Watu waliposimuliwa walisema mzee yule ni mjanja, alijua mtoto hawezi kumpasua baba yake.

Baada ya hapo hakusimulia tena habari za almasi. Alisimama tu kando ya benchi langu bila kukaa. Mchele nao hatukumpelekea, kwa sababu wanawake walianza kusema anachagua vijiwe vya kuficha. Mkono aliunyoosha kama zamani, lakini watoto walishafundishwa mchezo. Wakiona ameangusha kitu, na wao wananyoosha mikono, wanasimama wamemzunguka, wanacheka. Niliwafukuza kwa mwiko. Kesho wanarudi.

Mwishoni mwa miaka ile mume wangu alipata lori la kulala Iringa, tukahama. Nikasikia kwamba jirani yangu aliishiwa nguvu, mwanawe akaenda kumchukua kwa aibu ya maneno ya watu, na kwamba anakaa naye huku huku mjini, kwenye nyumba za bondeni karibu na mto. Mama mmoja wa sokoni aliyepanga nao alinisimulia wanavyomweka: analala kwenye kibanda cha kuku, uji wake ni makoko ya sufuria, na mkwewe, mke wa yule kijana, akimtaja anasema "lile zee." Roho iliniuma. Lakini nilikuwa na mtoto mchanga, na baridi ya Iringa mnaijua, na nikachelewa kwenda mpaka mtoto alipoanza kutembea.

Nilikwenda na mchele wa Rujewa. Nilitegemea kumkuta kwenye kuku. Nilimkuta uani, kwenye kiti cha kuegemea, upande unaopigwa na jua, amefunikwa blanketi jipya na sweta ndani. Amenenepa. Ndevu zimenyolewa. Mkwewe, mwanamke mchangamfu, alikuwa anaupepea uji wake wa maziwa upoe, na alipiga goti kumpa bakuli. "Kunywa, baba, usije ukapoa sana." Nilifurahi kiasi kwamba machozi yalinijia. Nikafikiri yule mama wa sokoni ni mwongo.

"Kamwene, baba," nikamwamkia.

"Kamwene, mama wa Chimala." Alinijua kwa sauti, macho yalishaingia ukungu.

Mkwewe aliingia ndani kunipikia chai. Jirani yangu alisikiliza mpaka aliposikia sufuria, kisha akanivuta kwa upindo wa khanga.

"Nimewakubalia," alisema.

"Umewakubalia nini?"

Akafungua shati. Shingoni alikuwa amevaa kifuko cha ngozi.

"Mjukuu alikuwa anacheza na mawe ya mtoni. Akanipa moja, akanitia hapa, mkononi. Mkwe akatokea. Mimi nikafumba mkono tu, mama. Sikusema kitu. Nilifumba kwa sababu ya mazoea, nikaogopa. Akanitazama." Akakishika kile kifuko. "Jioni nikaletewa nyama. Kesho yake mwanangu akaja, akanikalia karibu, akaniita baba. Toka ametoka Chimala hajaniita baba."

"Na wewe ukasemaje?"

"Akaniuliza, ni kweli baba? Nikasema, ni kweli. Nikifa ni lako."

Kuku walisikika wakikwaruza kwenye kile kibanda cha uani, na mlangoni mwake bado palikuwa na mkeka wa zamani wa jirani yangu, umekunjwa.

"Nilisema kweli miaka yote," akasema, "na mke wangu akafa amenipa kisogo. Sasa nimesema uongo mmoja, nina blanketi. Yeye ningemwambia ninalo, mama. Pale kwenye benchi. Ningesema ninalo, nakwenda kulichukua. Angekufa ananitazama."

Nilitaka kumwambia hapana, alifanya vizuri, kweli ni kweli. Nilijua ningekuwa nasema kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Nikamshika mkono tu. Ulikuwa laini, mkono wa mtu anayepakwa mafuta kila asubuhi.

"Wakija kukifungua hicho kifuko?" nikamwuliza.

"Nitakuwa nimekufa."

Alikuwa anakirudisha ndani ya shati, kifundo kikalegea. Kijiwe kikadondoka. Kilikuwa kijiwe cha mtoni, cha rangi ya uji, kimelingana na punje ya kunde. Kikadunda mara moja kwenye udongo kikakaa karibu na mguu wangu. Nilikuwa nimeanza kuinama, kama nilivyomwinamia siku zote. Lakini alikuwa tayari amesimama, blanketi limeanguka, na mkono wake wa kulia umenyooka juu.

Mkwewe alimwona kupitia mlangoni. Aliacha sufuria ya chai motoni, akaja mbio, khanga inamfunguka, akafunga kwanza mlango wa ua. Kisha akapiga magoti, akakitafuta kwa viganja vyote viwili, akakipata. Akakipangusa kwa upindo wa khanga yake, akakipuliza vumbi, akamrudishia kwenye kiganja cha kushoto, na vidole vya mzee akavifunga mwenyewe kimoja kimoja.

"Uwe mwangalifu, baba yangu," akamwambia.

Jirani yangu aliushusha mkono. Hakunigeukia tena mpaka nilipoaga.